Mashine Iliyojua Kungoja

Njia iendayo Upyani haina haja ya kusimuliwa. Wapo walioitafuta maisha yao yote wasiione, na wapo walioingia humo wakidhani wanakwenda kwa shangazi yao. Makrina alikuwa miongoni mwa hao wa pili.

Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi aliyekwisha kustaafu. Shule yake ilipoletewa kompyuta mpya, ile ya zamani ilitolewa nje na kuwekwa chini ya dirisha, mawingu yakiwa yametanda, naye akaiomba kabla mvua haijaikuta. Ilikuwa ya mezani, ya zile zenye kioo kizito chenye kisogo kirefu, sanduku la chuma lililochubuka rangi, na kibodi ambayo vitufe vyake vililia kama mtu anayebanja korosho. Watoto wengi walijifunza herufi juu ya vitufe hivyo. Akaipakia kwenye mkokoteni ampelekee mpwa wake, aliyekuwa akifungua kibanda cha kuchapa barua. Hakufika kwa mpwa wake. Alijikuta langoni mwa nchi asiyoijua, na afisa amesimama mbele yake katikati ya njia.

Afisa huyo aliitwa Madanga, mtu wa makamo, sare imenyooka, sauti ya upole. Hakumuuliza Makrina amebeba nini. Alimuuliza kitu alichobeba kina umri gani. Makrina alipomwambia kwamba hakumbuki vizuri, ila mashine ile ilikuwapo shuleni kabla ya yeye kuanza kuvaa miwani, Madanga alirudi nyuma hatua moja, kama mtu aliyeambiwa kwamba ndani ya mzigo mna nyoka.

Ndipo alipoelezwa Sheria ya Upya. Kitu chochote kilichopitiwa na mavuno matatu tangu kitengenezwe kilihesabiwa kuwa kikuukuu, na kikuukuu hakikuruhusiwa kukaa nchini bila matumizi mapya. Matumizi hayo sharti yatajwe na kupitishwa mbele ya Baraza la Matumizi. Kitu kisichopata hupelekwa Kinuni kikasagwa kuwa vumbi. Na mtu aliyekileta, kwa lugha ya sheria, ni mwenza wa kitu, na mwenza wa kitu hufuata hukumu ya kitu.

“Kwa hiyo na mimi nitasagwa?” Makrina aliuliza, akitabasamu kidogo.

“Hapana, Mama. Sisi si watu wabaya,” Madanga alisema. “Wewe utawekwa Ghalani mpaka upatiwe matumizi.”

Makrina akataka kujua watu hukaa Ghalani muda gani. Madanga alifikiri kwa makini, kama mtu anayetaka kutoa jibu la haki, kisha akasema kwamba yeye binafsi hajawahi kumwona aliyetoka. Tabasamu la Makrina likafa hapo hapo. Kitambulisho chake kilichukuliwa, na lango likafungwa nyuma ya mgongo wake.

Wenye mashauri mbele ya Baraza walikaa mtaa mmoja, na Makrina akapangiwa nyumba ya Bi Tunu. Bi Tunu alimpokea vizuri, akampa maji ya kuoga na ubwabwa wa moto, lakini macho yake hayakutulia. Kila kishindo cha viatu kilipopita nje aliacha alichokuwa akifanya, akasikiliza mpaka kipotee.

Sababu ilikuwa imekaa kwenye kiti karibu na dirisha. Chande, mume wa Bi Tunu, alikuwa bwana wa malango ya maji. Kwa miaka mingi yeye ndiye aliyeamua bonde lipi lipate maji leo na lipi lingoje kesho. Kisha kiharusi kikampiga. Kikamwondolea maneno, kikauua mkono wa kulia, na ule wa kushoto kikauacha unakwenda kama konokono. Akili, Bi Tunu alisema, haikuguswa. Aliliona hilo machoni mwake. Lakini macho ya mume wake hayakuwa ushahidi.

Katika nchi ile kila mtu alikuwa na kibao, kipande chembamba cha kioo, na serikali ilizungumza na watu kupitia vibao hivyo. Siku ya siku kibao huuliza: Una matumizi gani? Halafu hungoja kwa muda wa mtu kumeza mate. Usipokuwa umejibu, kwa sauti au kwa kidole, huandika chenyewe: Hakuna jibu. Kila mwaka vibao vilifanywa upya, na kila mwaka viliharakisha zaidi, jambo ambalo wananchi walijivunia sana mbele ya wageni. Kidole cha Chande kilipokuwa bado kiko njiani, kibao kilikuwa kimekwisha kuandika. Bi Tunu hakuweza kujibu kwa niaba yake, maana sheria ilisema jibu la mtu hutoka kwa mtu. Chande alikuwa ametajwa kuwa hakuna jibu mara kadhaa, na sasa aliitwa mbele ya Baraza kwa mara ya mwisho. Baada ya hapo ni Ghalani.

“Siku gani?” Makrina aliuliza.

Bi Tunu akamtajia. Ilikuwa siku ile ile ya shauri la kompyuta.

Asubuhi iliyofuata Makrina alitembea mjini, kwa kuwa kukaa ndani kulimpandisha presha. Aliona kitanda cha zahanati kimewekwa nje ya ofisi ya afya, nacho kilitumika kama benchi la watu waliokuja kuomba vitanda. Aliona vyerehani vimechimbiwa ardhini kuwa ukingo wa bustani ya maua, na waliokuwa wakimwagilia maua hayo wamevaa nguo zilizoshikizwa kwa pini. Mwanamke aliyekuwa mkunga tangu ujana wake alikuwa amepewa matumizi mapya ya kushika utepe siku za uzinduzi, na uzinduzi haukukosekana hata wiki moja. Alipopita, mkunga yule alimwangalia Makrina kwa muda mrefu, utepe mkononi.

Bi Tunu alimweleza kwamba sheria ile haikuanza kwa ubaya. Zamani mji ulikuwa unazama katika takataka. Watu wakakubaliana kwamba kabla ya kutupa kitu, mtu ajiulize kwanza kinaweza kufaa nini kingine. Lilikuwa swali zuri. Kisha swali likapewa ofisi, ofisi ikapewa magari, na magari yakataka kitu cha kubeba.

Siku mbili kabla ya Baraza, kamati ndogo ya wataalamu ilikuja kwa Bi Tunu kuikagua kompyuta. Walikuwa watu wa heshima, wenye majoho mepesi na vibao vilivyong'aa, na Madanga alikuja nao kama mwandishi wao. Waliizunguka mashine wakiigonga gonga kama watu wanaonunua tikiti maji. Mmoja alipendekeza sanduku liwe kiota cha kuku wa mayai. Mwingine aliona vitufe ving'olewe viwe hereni za wasichana, kila msichana na herufi ya jina lake. Wa tatu, ambaye wenzake walimsikiliza kuliko wote, alisema kioo kikitolewa matumbo yake na kujazwa maji kitakuwa nyumba safi ya samaki wa mapambo, na kwamba wadau wa samaki wangefurahi.

Makrina akawauliza, kwa adabu, itakuwaje ikionekana kwamba kompyuta yenyewe bado inafanya kazi.

Walitazamana. Yule wa samaki alijibu kwa masikitiko kwamba hilo ndilo lililo baya zaidi. Kitu kilichoharibika hakina kizuizi. Kinaweza kuwa chochote. Lakini kikuukuu kinachofanya kazi yake ile ile ya zamani kinavunja sheria kwa makusudi. Akamshauri asilitamke hilo barazani.

Makrina alikubali samaki. Naam, alikubali. Alimfikiria mpwa wake anayengoja, akaufikiria mlango wa Ghala, akaona kompyuta ni chuma na kioo tu. Kamati ikamshukuru kwa ushirikiano, na Madanga akaandika. Alipokuwa anatoka, alimwambia Makrina kwa sauti ya chini kwamba amefanya la busara, na keshokutwa tu atakuwa njiani kurudi kwao.

Alasiri ile Makrina aliona haya mbele ya mashine yake, kama mtu aliyemuuza mbuzi aliyemlea mwenyewe. Akataka aiwashe mara ya mwisho kabla haijatolewa matumbo. Akaiweka mezani karibu na dirisha, akaunganisha nyaya, akabonyeza. Kwa kitambo hapakuwa na kitu. Kisha ikaanza kunguruma, taa ndogo ikawaka, na mashine ikaanza kujikusanya polepole kama bibi anayeinuka kwenye mkeka. Hatimaye ukurasa mweupe ukatokea, na juu yake kijistari kimoja cheusi kikawa kinapepesa, kinapepesa, mahali pale pale.

Makrina alikwenda uani kumsaidia Bi Tunu kupepeta mchele. Waliposikia kitufe kikilia ndani, walidhani ni paka. Kikalia tena baada ya muda mrefu. Bi Tunu akaacha ungo.

Chande alikuwa ameuburuta mkono wake wa kushoto mpaka juu ya meza. Kidole kimoja kilikuwa kinatafuta njia juu ya vitufe, kinatetemeka, kinakosea, kinarudi. Kwenye ukurasa palikuwa na herufi tatu, T, U, N. Kijistari kilipepesa mbele yake bila kuandika hakuna jibu, bila kuzima, bila kuuliza kingine. Kidole kikashuka. U.

Bi Tunu aliketi chini sakafuni. Chande hakuwa amemaliza. Jua lilihama kutoka ukutani hadi mlangoni kabla hajafika mwisho wa alichotaka kusema. Aliandika: TUNU UJI WA ULEZI SIUPENDI.

Tangu alipougua, Bi Tunu alikuwa akimnywesha uji wa ulezi asubuhi na jioni, akiamini kwamba huo ndio unaomweka hai. Alicheka mpaka akashindwa kujizuia, na kucheka huko kukageuka kilio, akauficha uso wake katika magoti ya mume wake. Makrina alitoka nje. Alisimama kwenye kivuli cha ukuta, na moyo wake ukawa mzito, kwa kuwa alijua kwamba safari yake ya keshokutwa imekwisha kuharibika.

Alimfuata Madanga ofisini kwake, akamwambia kwamba anaondoa samaki.

Madanga aliinuka akafunga mlango. Alimwuliza kama anaelewa anachokifanya. Matumizi ya samaki yalikuwa yamekwisha pendekezwa na wataalamu. Samaki wenyewe wamekwisha nunuliwa. Akija na matumizi mengine, hatakuwa na mtu wa kumtetea, na Baraza likiyakataa hakuna nafasi ya pili. Makrina akamwambia alichokiona. Madanga alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, na aliponyanyua uso rangi yake ilikuwa imebadilika.

“Mwalimu, usiniambie mambo haya,” alisema. “Mimi ni mtu wa kuita majina tu.”

Lakini Makrina alikuwa na ombi jingine, na hilo lilikuwa gumu kuliko la kwanza. Kwa desturi Baraza lilisikiliza watu kwanza, kisha vitu. Na kitu kisichopitishwa hakikuruhusiwa kutumika ndani ya ukumbi. Kwa hiyo zamu ya Chande ingefika kabla mashine haijapata ruhusa ya kumsaidia, na ikipata, yeye angekuwa amekwisha kupelekwa. Akamwomba Madanga aite kompyuta kwanza.

Madanga alisema mpangilio huo haujawahi kubadilishwa tangu Baraza liundwe. Akamfungulia mlango.

Siku ya Baraza ukumbi ulijaa mapema. Joto lilikuwa kali, na wajumbe walijipepea kwa vibao vyao. Mbele kabisa, juu ya jukwaa, alikaa Mwenyekiti Kalunde, mwanamke mwembamba mwenye kilemba cheupe, ambaye alisifiwa nchi nzima kwa kutowahi kukaa kimya kati ya swali na hukumu. Kando ya ukuta lilikuwapo beseni, na ndani yake samaki wadogo wekundu walizunguka. Fundi mwenye msumeno wa vioo alikuwa tayari. Chande aliletwa kwa kiti chake, Bi Tunu akiwa amekishika kwa nyuma kwa mikono miwili, kama anayezuia mkokoteni usiporomoke mlima. Mlangoni pa pembeni walisimama watu wawili wa Ghala.

Madanga alifungua karatasi yake. Makrina alimwona akiitazama kwa muda, na jasho likimtiririka shingoni. Kisha akasoma, kwa sauti yake ile ile ya upole:

“Kompyuta ya mezani, na mwenza wake Makrina.”

Minong'ono ikazuka. Mjumbe mmoja akasimama kuuliza kuhusu utaratibu. Mwenyekiti Kalunde alimtupia Madanga jicho ambalo Makrina alilihisi mpaka alipokuwa amekaa, lakini jina lilikuwa limekwisha kuitwa, na jina lililoitwa barazani halirudishwi. Akauliza matumizi mapya ni yapi.

Makrina alisimama. Alikuwa amesimama mbele ya madarasa maisha yake yote, lakini alijua kwamba hili si darasa.

“Inangoja,” alisema.

Mwenyekiti akamtaka arudie. Akarudia.

Mjadala uliofuata uliandikwa wote na wapo Upyani wanaoukumbuka mpaka sasa. Yule mtaalamu wa samaki alidai kwamba kungoja si matumizi. Ni kukosekana kwa matumizi, na kuliruhusu jambo hilo ni kuruhusu jiwe lilete hoja. Mjumbe mwingine, mnene na mwenye usingizi, akasema kwamba wananchi hungoja kila siku nje ya ofisi zao na hawajawahi kulipwa kwa hilo, basi ikiwa kungoja ni kazi, nani ataziba pengo la bajeti. Wa tatu akasema kwamba, kwa kumbukumbu yake, nchi ina watu wengi wanaongoja lakini haijawahi kuwa na kitu kinachongoja, hivyo upya wa jambo haupingiki, hata kama faida yake haionekani. Wakabishana kama swali ni la faida au la upya. Makrina alisimama muda wote huo, na kila mara mmoja wao alipotamka neno samaki, fundi wa msumeno alisogea hatua moja mbele, akidhani anaitwa.

Mwishowe Mwenyekiti Kalunde alinyanyua mkono. Alisema Baraza halitapitisha neno tupu. Mashine ionyeshe inachokifanya, tena ikionyeshe kwa mtu. Ikishindwa, mashine iende Kinuni, mwenza wake Ghalani, na mtu atakayejaribiwa aende naye.

“Nani anajitolea?” aliuliza.

Bi Tunu alisukuma kiti cha mume wake mbele. Magurudumu yake yalilia ukumbi mzima ukisikia.

Makrina aliunganisha nyaya. Akabonyeza, na mashine ikaanza kunguruma, na kungoja kwa kwanza kukaanza, ambako hakukuwa kwa Chande bali kwa wajumbe. Hawakuwa wamezoea. Katika mikono yao vibao, kwa kuwa hapakuwa na mtu aliyesema, viliandika hakuna jibu, vikafuta, vikaandika tena. Mjumbe mnene akaanza kutikisa mguu. Mwingine akauliza kama imekufa.

Kisha kioo kikawaka, na badala ya ukurasa mweupe kikaleta maandishi kwenye weusi: mashine ilisema haioni kibodi. Mtaalamu wa samaki aliyasoma kwa sauti, akawageukia wenzake akiwa amefungua mikono. Mwenyekiti akavuta pumzi ya kutoa hukumu. Makrina alipiga magoti, akaingia chini ya meza mbele ya Baraza zima, kanga yake ikizoa vumbi, akapapasa nyuma ya sanduku mpaka akaipata plagi iliyolegea kwenye mkokoteni. Akaisukuma. Juu ya kichwa chake mashine ikapiga mlio mmoja mfupi. Alipotoka, ukurasa ulikuwa mweupe na kijistari kinapepesa.

“Una matumizi gani?” Mwenyekiti alimuuliza Chande.

Mkono wa kushoto ukaanza safari yake. Herufi ya kwanza ilitua: M. Muda ukapita. I. Ukumbi wote ulikuwa umeinamia kioo kile chenye kisogo. M. I. Watu wakaanza kumsaidia kwa midomo, kama wanavyofanya watu mbele ya mtoto anayejifunza kusoma. Aliposhuka kwenye S na kisha I, mjumbe mmoja alisema tayari jibu limeeleweka: mimi sina. Mtu mwenyewe amekiri kwamba hana matumizi. Wengine wakaitikia, kwa haraka ya watu walioona njia ya kutoka. Wale wawili wa Ghala wakaanza kuja. Mwenyekiti Kalunde akafungua mdomo.

“Bado anaandika, Mheshimiwa,” Makrina alisema.

“Tumekwisha muelewa, Mwalimu.”

“Mmemkisia. Hamjamngoja.”

Mwenyekiti Kalunde aliufunga mdomo wake. Hilo halijawahi kuonekana. Alinyanyua kidole kimoja, na wale wawili wakasimama walipokuwa, karibu kabisa na Bi Tunu, hata angeweza kusikia wanavyopumua. Chande hakuwatazama. Jasho lilikuwa linamdondoka kidevuni. Kidole kilizunguka juu ya vitufe, kikapita, kikarudi, kikaangukia kitufe kirefu cha chini kinachotenga neno na neno. Kijistari kikaruka mbele. Halafu K. Halafu I. Samaki walikuwa wakizunguka kwenye beseni, na mlio wa maji yao ulisikika.

MIMI SI KITU, ndivyo alivyoandika, kisha akauondoa mkono mezani na kuuweka pajani.

Mtaalamu wa samaki alisema jibu hilo halijibu swali. Mwingine akasema ni utovu wa heshima. Karani akauliza aliweke katika safu gani, kwa sababu hakuna safu ya mtu aliyekataa swali. Mwenyekiti aliwasikiliza wote, na macho yake hayakuondoka kwenye kioo. Aliposema, alisema polepole kuliko alivyojulikana. Sheria, alisema, inatambua mambo mawili tu, hakuna jibu na jibu. Mbele yake liko jibu. Chande arudi nyumbani kwake. Mashine imepitishwa kwa matumizi ya kungoja mpaka mavuno matatu yapite, ambapo kungoja nako kutakuwa kumezeeka, na mwenza wake atalazimika kulileta shauri upya. Akaagiza samaki warudishwe mtoni.

Makrina alirudishiwa kitambulisho papo hapo. Alikuwa huru kupakia mzigo wake na kuondoka kabla ya jua kushuka, na akafika nyumbani kwa Bi Tunu akiwa na nia hiyo. Lakini Chande aliomba, kwa ishara ya macho, mashine iwekwe tena dirishani. Aliandika maneno mawili tu, na Bi Tunu aliyasoma akamtazama mgeni wake bila kumwomba kitu: WAPO WENGINE.

Makrina alikaa na maneno hayo kitambo. Aliijua barabara ya kwao inavyoanza, iko nyuma ya lango tu. Kisha akaifunga kompyuta kwenye mkokoteni na kumwendea Madanga, akamtaka kibali cha kuingia Ghalani. Madanga alipekua sheria zote akakuta hakuna inayokataza, maana hapakuwahi kuwapo mtu aliyeomba kuingia. Funguo zilikuwa kiunoni mwake. Akasema atampeleka mwenyewe.

Ghala lilikuwa jengo refu la mabati lililowahi kuhifadhi nafaka. Makrina alitarajia uchafu na vilio. Hakukuta hata kimoja. Palifagiliwa, watu walilishwa, kila mmoja kwenye kiti chake, kibao shingoni chenye maneno yale yale mawili, Hakuna jibu. Walikuwa wengi kuliko alivyoweza kuhesabu kwa macho. Wengine walikuwa wazee, wengine walikuwa na kigugumizi tu, na mmoja alikuwa kijana aliyezaliwa asisikie. Waliingia watu wawili na mashine kubwa, na hakuna aliyegeuka. Madanga, kwa mazoea ya kazi, aliufunga mlango nyuma yao.

Wakaanza na bibi aliyekaa karibu zaidi, aliyeitwa Sikitu. Makrina alimwelekeza kibodi, akaichukua mikono yake na kuiweka juu ya vitufe. Hakumuuliza ana matumizi gani. Alimwambia aandike anachotaka, na kwamba hakuna haraka. Bibi alitazama kijistari kinachopepesa kwa muda mrefu mno, hata Madanga, aliyesimama nyuma yao, akaanza kubadilisha miguu. Kisha vidole vikasogea. Neno lilikuja kwa herufi, moja moja, na lilikuwa moja tu: MLANGO.

Wakangoja lifuate jingine. Madanga alimwuliza bibi, kwa upole wake, mlango umefanya nini, anataka kusema nini juu ya mlango. Bibi hakuongeza herufi. Alikuwa amemaliza, na alimtazama yeye.

Madanga alilisoma neno lile tena. Akaenda mpaka mlangoni akazitoa funguo, na zikamponyoka mara moja kabla hajaupata ufunguo. Alifungua bawa la kwanza, kisha la pili, akayasukuma mpaka yakagonga ukuta wa nje, na mwanga ukaingia mpaka mstari wa mwisho wa viti. Hakuna aliyetoka kwa muda. Walikuwa wamegeuza nyuso zao wote, wakiutazama ua, na Madanga akasimama kando ya njia, kofia mkononi, akiwangoja.